Nani Anabaki Kuzitunza Programu Huria?

Takwimu za chanjo kutoka kliniki za mama na mtoto, Tanzania Bara, Zanzibar au Kenya, huishia kwenye mfumo uitwao DHIS2. Katika vituo vya Kenya vinavyotumia KenyaEMR, rekodi ya mgonjwa wa VVU imejengwa juu ya OpenMRS. Seva zinazobeba mifumo ya aina hii kwa kawaida huendeshwa na Linux. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyonunuliwa dukani. Zote ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Nje ya sekta ya afya hali ni hiyo hiyo. Ripoti ya kampuni ya Synopsys ya mwaka 2024 ilikuta msimbo huria ndani ya asilimia 96 ya programu za kibiashara ilizozikagua.

Kwetu mjadala wa programu hizi huanzia kwenye bei na mara nyingi huishia hapo hapo. Wizara inaambiwa kwamba haitalipia leseni, inafurahi, na mkutano unafungwa. Swali lenye uzito linakuja baadaye: programu ikishaandikwa na kusambazwa, nani anabaki nayo? Naamini kwamba programu huria hazijawahi kukosa waandishi. Zinachokosa ni watunzaji, na utunzaji huo hauwezi kuendelea kubebwa na muda wa ziada wa watu wachache, wengi wao wakiwa mbali na nchi zinazozitegemea.

Historia yenyewe inajulikana, nitaipitia kwa haraka. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU akidai kwamba mtumiaji ana haki ya kuuona na kuubadilisha msimbo wa programu anayoitumia. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, akatangaza kiini cha mfumo uliokuja kuitwa Linux. Mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, jumuiya ya watu wa kujitolea ambayo mpaka leo humchagua kiongozi wake kwa kura kila mwaka. Kufikia 1998 kampuni zilikuwa zimeanza kuelewa faida, na msimbo huria ukaingia rasmi katika biashara. Leseni zilizotungwa miaka hiyo zilieleza kwa makini haki za mtumiaji. Kuhusu riziki ya mtunzaji hazikusema kitu, na hazikutungwa kwa ajili hiyo.

Aliyewahi kutoka kwenye msaragambo atalielewa pengo hilo. Siku ya kuchimba barabara watu hujitokeza kwa wingi, ngoma ipo, chakula kipo, na jioni kila mmoja anaiona kazi yake. Masika yanapofika mtaro unaziba, na anayetoka na jembe kuuzibua ni yule yule mmoja anayekaa karibu.

Kazi ya kuzibua mtaro katika programu huria ina sura gani? Tuchukue Django, zana ya kujengea tovuti iliyozaliwa mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma Julai 2005. Mtumiaji akikuta kasoro, anafungua tiketi. Mtu mwingine lazima aisome, ajaribu kuitokeza kasoro ile ile kwenye kompyuta yake, kisha aamue kama kweli ni kasoro au ni mwenye tiketi aliyekosea mipangilio. Ikikubaliwa, wa tatu anaandika kiraka. Wa nne anakikagua kiraka hicho: kina majaribio ya kutosha? Maelezo ya matumizi yamerekebishwa? Tovuti ya mtu aliyeko kwenye toleo la miaka miwili nyuma itaanguka? Mara nyingi kiraka hurudishwa kwa mwandishi wake, kikaja tena, kikarudishwa tena. Mistari mitano ya msimbo inaweza kula jioni za watu wanne, na hakuna atakayeziona jioni hizo, kwa sababu utunzaji ukifanikiwa kinachoonekana ni kwamba hakuna kilichoharibika.

Jumuiya ya Django ililitambua hilo mapema kuliko nyingi. Mwaka 2014 taasisi yake ilianza kumlipa mtu kwa kazi hiyo: kuchambua tiketi mpya, kukagua viraka vya wengine, kushughulikia ripoti za usalama na kusimamia matoleo, ambayo hutoka takriban kila miezi minane. Hakuajiriwa kubuni vitu vipya. Wabunifu waliendelea kuwepo, tena kwa kujitolea. Katika miaka ya karibuni wanaolipwa kwa nafasi hiyo wamekuwa wawili, kwa zana inayobeba tovuti zisizohesabika duniani. Ni wachache mno, lakini uamuzi wenyewe ulikuwa wa busara. Fedha kidogo iliyopatikana ilipelekwa mahali ambapo moyo wa kujitolea huchoka kwanza.

Kwingine somo lilikuja kwa maumivu. Aprili 2014 dunia ilitangaziwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, iliyokuwa ndani ya OpenSSL, programu inayosimba mawasiliano kati ya kivinjari na seva ili yasisomwe njiani. Kompyuta mbili zinazowasiliana zilikuwa na njia ya kuulizana kama bado zipo: moja inatuma neno na kutaja urefu wake, nyingine inalirudisha. OpenSSL haikuhakiki urefu uliotajwa. Mtu aliweza kutuma herufi chache, akasema ametuma maelfu, na seva ikamrudishia chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake, nywila zikiwemo. Kasoro hiyo ilikaa kwenye matoleo ya umma kwa takriban miaka miwili. Ndipo watu walipouliza nani alikuwa analinda mlango. Walikuta mradi wenye mfanyakazi mmoja wa kudumu na wasaidizi wachache, unaopokea michango ya hiari ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kampuni kubwa zilizokuwa zikipata mabilioni juu ya programu hiyo zilichangishana haraka kupitia Linux Foundation, na hali ya OpenSSL ikawa bora. Desemba 2021 hadithi ikajirudia kwa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, nayo ikitunzwa na watu wa kujitolea. Walikesha kurekebisha huku wakitukanwa mitandaoni na watu ambao hawakuwahi kuwalipa hata senti.

Hata hivyo tukio linalonitisha zaidi ni la xz, kwa sababu hapo uchovu wenyewe ndio uliogeuzwa kuwa silaha.

xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, na imo karibu katika kila usambazaji wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin, raia wa Finland, bila malipo. Mwaka 2021 akaanza kujitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akileta viraka vizuri, mpole, mvumilivu. Mwaka uliofuata zikaja barua pepe kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuonekana mradini, zikimlaumu Collin kwa ucheleweshaji na kumtaka akabidhi kazi kwa mwingine. Collin alijibu kwa uungwana. Alieleza kwamba ana matatizo ya kiafya ya muda mrefu, na akawakumbusha kuwa huu ni mradi anaoufanya kwa mapenzi yake bila malipo. Jia Tan alikuwa pembeni, tayari kusaidia. Taratibu akapewa mamlaka ya kutoa matoleo.

Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0, na baadaye 5.6.1. Ndani yake mlikuwa na mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo maalumu kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia ya kuendesha seva kwa mbali, na kutoa amri atakayo. Haukuwekwa kwenye msimbo ambao kila mtu anausoma. Ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, yale yanayoonekana kama data isiyo na maana, ukasubiri kuunganishwa wakati programu inapojengwa.

Aliyeubaini ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Hakuwa akitafuta wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata kwenye toleo la Debian lililokuwa bado linatengenezwa, akaona kwamba kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kunakula nguvu ya kompyuta kuliko kawaida. Wengi tungeipuuza nusu sekunde. Yeye aliifuata hatua kwa hatua hadi ndani ya xz, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia umma. Matoleo yenye sumu yalikuwa tayari yameingia kwenye usambazaji wa majaribio wa Debian na Fedora, lakini hayakuwa yamefika kwenye matoleo tulivu yanayoendesha seva nyingi za dunia.

Wapo waliosema kwamba uwazi ndio uliotuokoa, kwa kuwa Freund aliweza kuusoma msimbo. Ni kweli, lakini ni kweli nusu. Aliyeuweka mlango huo alitumia uwazi huo huo, na alitumia zaidi upweke wa mtu mmoja. Lau kungekuwa na watu watatu wanaolipwa kuitunza xz, barua zile za kushinikiza zisingekuwa na wa kumshinikiza.

Ukubwa wa kinachobebwa hivi umejaribiwa kupimwa. Mwaka 2024 watafiti wa Shule ya Biashara ya Harvard na wenzao walikadiria kwamba kama kampuni zingelazimika kujiandikia zenyewe programu huria zinazozitumia, thamani yake ingefikia dola trilioni 8.8. Walikuta pia kwamba asilimia 96 ya thamani hiyo imetokana na kazi ya asilimia 5 tu ya waandaaji programu. Mwaka huo huo uchunguzi wa kampuni ya Tidelift ulionyesha kuwa asilimia 60 ya watunzaji hawalipwi kwa utunzaji wao. Kila anayesema programu huria zinajengwa na umma mpana aisome takwimu hiyo ya asilimia 5 mara mbili. Watumiaji ni umma. Walioshika jembe ni wachache sana.

Tiba zilizojaribiwa si haba. Ujerumani ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa serikali, Sovereign Tech Fund, unaolipia utunzaji wa programu za msingi kama vile miundombinu mingine inavyolipiwa. Kwangu huu ndio mfano bora uliopo, kwa kuwa unalipia kazi isiyoonekana bila kudai kitu kipya cha kuzindua mbele ya kamera. Umoja wa Ulaya umekwenda kwa njia ya sheria. Sheria yake ya uthabiti wa mtandao, ambayo masharti yake makuu yanaanza kutumika Desemba 2027, inawabebesha wauzaji wa bidhaa za kidijitali jukumu la usalama wa kila walichoweka ndani, msimbo huria ukiwemo. Wanaotunza kwa kujitolea bila kuuza hawabebeshwi mzigo huo. Ikitekelezwa vizuri, kampuni zitakuwa na sababu ya kuwauliza watunzaji wanahitaji nini badala ya kuwauliza kwa nini wamechelewa.

Kampuni nyingine zilichagua kufunga mlango. HashiCorp ilibadilisha leseni zake Agosti 2023, na Redis Machi 2024, zikilalamika kwamba wauzaji wakubwa wa huduma za mtandaoni wanavuna wasichopanda. Malalamiko yao yana ukweli. Lakini viraka vya bure vya watu wa nje vilikuwa vimeshaingia kwenye msimbo huo, na watu hao walijiona wametumika. Katika kila kisa jumuiya ilichukua nakala ya mwisho iliyokuwa huru na kuiendeleza kivyake: OpenTofu kwa upande mmoja, Valkey kwa upande mwingine. Mwaka 2025 Redis ikarudi kwenye leseni huria.

Misaada nayo ina masharti. Oktoba 2025 taasisi inayosimamia lugha ya Python ilitangaza kuondoa ombi lake la ruzuku ya dola milioni 1.5 kutoka serikali ya Marekani, iliyokuwa iende kwenye usalama wa ghala la programu za Python. Mkataba ulitaka taasisi ikubali kutofanya kazi za kukuza usawa na ujumuishaji, si kwa fedha hizo tu bali katika shughuli zake zote. Kwa taasisi ndogo kuziacha fedha hizo ni pigo, na naheshimu kwamba walizikataa.

Juu ya hayo umeongezeka mzigo mpya. Daniel Stenberg wa Sweden, anayetunza curl, programu ya kuhamisha data iliyomo ndani ya mabilioni ya vifaa, zikiwemo simu na magari, alieleza hadharani jinsi anavyopokea ripoti za kasoro za usalama zilizotungwa na akili mnemba: ndefu, zenye lugha safi, zinazotaja kasoro zisizokuwepo. Kila moja lazima isomwe na binadamu kabla ya kutupwa. Mwanzoni mwa 2026 aliufuta mpango wa kuwazawadia fedha wanaoripoti kasoro, maana zawadi ilikuwa imegeuka chambo. Zana zilizorahisisha kuandika msimbo zimewaongezea kazi wanaoukagua.

Sisi tuko wapi katika picha hii? Si wageni. Ushahidi, programu ya kuweka ripoti za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya Januari 2008, katika machafuko baada ya uchaguzi, kazi ya Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, na miaka miwili baadaye msimbo wake ulitumika kuokoa watu katika tetemeko la Haiti. OpenMRS ilichipuka mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za VVU za Eldoret, ikaanza kutumika huko 2006 na kisha Rwanda. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwa ufadhili wa Sweden. Tangu 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamepita na simu katika mitaa inayofurika ya Dar es Salaam, wakiandika kila mtaro na kila nyumba kwenye OpenStreetMap kupitia Ramani Huria.

Kuanzisha tunaweza, basi. Tazama kinachofuata. Tafsiri ya programu ya ofisi haimaliziki, kwani kila toleo jipya linaleta menyu na ujumbe mpya, na mfadhili akiondoka Kiswahili kinabaki nyuma toleo baada ya toleo. Ramani inazeeka mara tu mtaa unapojengwa upya. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya iliyokuwa ikiwalipa wataalamu wa mifumo ya rekodi za wagonjwa Afrika ilitikisika au kusimama. Leseni ilifanya kazi yake: hakuna aliyeweza kuuchukua msimbo. Waliochukuliwa ni wanaoujua.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaowahimiza vijana wetu tu "wajitolee zaidi". Muda wa ziada ni mali, na haujagawanywa sawa duniani. Mhandisi wa Berlin anayekagua viraka usiku ana mshahara wa mchana unaomtosha, umeme usiokatika na intaneti asiyoihesabu kwa megabaiti. Kijana wa Mwanza mwenye ujuzi ule ule anazitumia jioni zake kwenye kazi za vibarua ili kodi ya nyumba ipatikane, na bando analinunua la wiki. Akichangia bure, anatoa zaidi ya yule wa Berlin. Ndiyo maana Outreachy, inayowalipa washiriki dola 7,000 kwa miezi mitatu ya kazi ndani ya mradi huria, imewaingiza Waafrika wengi kuliko hotuba zote za hamasa.

Kujuana pia ni mtaji, na huko nako mambo yamesogea kwa kusukumwa. Novemba 2023 jumuiya ya Django ilifanya mkutano wake wa kwanza wa Afrika, Zanzibar. Waandaaji, wote wa kujitolea, waliomba ruzuku kwa taasisi ya Python, na uamuzi ukachelewa huku wakihojiwa kuhusu usalama wa washiriki chini ya sheria za nchi. Mwezi uliofuata mkutano, viongozi wa jumuiya za Python barani waliandika barua ya wazi wakieleza jinsi walivyofanyiwa. Swali la usalama lilikuwa halali na lilistahili jibu la makini. Kilichowaumiza ni namna walivyoulizwa, kana kwamba hawakuwa wamelifikiria wao wenyewe. Taasisi ilikiri mapungufu, ikaweka saa za wazi za mashauriano kwa waombaji ruzuku, na Agosti 2025 mkutano wa pili ukafanyika Arusha. Watu waliokutana ana kwa ana katika mikutano hiyo ndio wanaoweza kuaminiwa kesho kukagua viraka vya wenzao. Imani ya aina hiyo haijengwi kwa barua pepe peke yake, kama xz ilivyoonyesha.

Njia moja ambayo imeshathibitika iko karibu. DHIS2 huendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo na hutumika katika nchi zaidi ya 70, lakini uhai wake katika kila nchi unategemea vituo vya wenyeji vinavyoajiri watu, na kimojawapo kipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wahandisi wake wanaujua msimbo na wanaijua pia zahanati isiyo na mtandao siku tatu kwa wiki. Mpango huo unaweza kuigwa bila kusubiri Oslo wala Washington. Wizara ya afya, benki, mamlaka ya mapato na kampuni ya simu zinazotegemea programu huria zinaweza kila moja kulipa wahandisi wawili ambao kazi yao iliyoandikwa kwenye mkataba ni kukagua viraka, kujibu tiketi na kutunza tafsiri katika mradi mkuu wenyewe, kisha wapimwe kwa tiketi walizofunga. Vyuo vikuu vinaweza kuukubali mwaka wa kazi hiyo kama mradi wa kuhitimu, mahali pa mfumo mwingine wa maktaba unaotetewa Juni na kusahaulika Julai.

Wanaoanza hawatakosa cha kufanya asubuhi ya kwanza. Tiketi zimejaa, na OpenMRS huzitenga kabisa na kuziwekea alama zile zinazomfaa mgeni.